Tupeane uzoefu: mama aliyeandikwa "mama wa nyumbani" tu kwenye wasifu, wewe wako ungemwandikaje?

Mwana wa Bugarika

Wakuu, habari za jioni. Jumamosi iliyopita tulimzika mama yetu. Tangu siku ile kuna kitu kimenikaa kooni, hakishuki wala hakitoki, ndiyo maana nimeamua kuandika hapa.

Mnajua taratibu. Kabla ya mahubiri anasimama mtu wa familia kusoma wasifu wa marehemu. Kwetu alisimama mtoto wa kaka yangu, kijana wa chuo, anasoma vizuri tu. Marehemu alizaliwa Misungwi, mwaka haujulikani. Aliolewa. Alijaliwa watoto 9, walio hai ni 6. Kazi: mama wa nyumbani. Alisumbuliwa na sukari na presha. Ameacha wajukuu 27 na vitukuu 11. Karatasi haikufika hata nusu. Kijana akakunja, akakaa.

Nikabaki nalitazama jeneza. Simlaumu kijana, hakuna aliyemweleza, na sisi tuliojua tulikuwa tunahangaika na turubai na maji ya kunywa. Lakini mama yule!

Nyumba yetu ipo juu kabisa Bugarika, hapa Mwanza, kwenye yale mawe. Gari halifiki, pikipiki yenyewe inaishia katikati. Bomba lilikuwa chini, na mama alipandisha dumu kichwani mara nne kwa siku, alfajiri na jioni, miaka na miaka, mara nyingi na mtoto mgongoni. Jumamosi vijana wanane walimshusha kwa njia ile ile, jiwe kwa jiwe, wakipokezana, wakisimama kupumzika palepale alipokuwa anatua dumu lake. Hapo ndipo nililia.

Alikuwa Mbaptisti. Huku kwetu watu wengi ni Wakatoliki, AIC (Africa Inland Church) na Wasabato, sisi tulikuwa wachache, kanisa la bati na kengele ya rimu ya gari. Alizamishwa ziwani mwaka 1968. Hakuwa anajua kusoma. Mwalimu Nyerere alipotangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, mama akaingia darasa la kisomo na mimba ya saba, kwa sababu moja tu: alichoka kusomewa Biblia na watu wengine. Akajua. Kisha akafundisha shule ya Jumapili miaka 31. Watoto hawakuwa na vitabu, yeye alikuwa na kopo la kokoto za ziwani. Kokoto kumi na mbili za wana wa Yakobo, tano za Daudi. Wapo wachungaji leo waliohesabu kokoto zile.

Na unga. Kila akisonga ugali alipima vikombe. Akifikisha kumi, mmoja unaingia kwenye debe la fungu la kumi. Mshahara hakuwa nao, pesa hakuwa nayo, unga ndio uliokuwa mikononi mwake. Mwisho wa mwezi debe linakwenda kwa mgonjwa au mjane. Hata miaka ile ya 80, sabuni na sukari ni kwa foleni, sisi tunakula mara moja, debe halikuguswa. Mimi nilikuwa mtoto, nililiona jambo lile ni ukatili.

Basi naomba mawili. Moja, mama yako wewe angeandikwaje? Mbili, fundi wa msalaba anataka mwaka wa kuzaliwa, na sisi hatuna.

Dada wa Kitangiri

Pole sana kaka. Hapo kwa vijana kupumzika alipotua dumu nimeacha simu mezani nikaenda nje kwanza.

Mzee wa Igombe

Pole kijana. Mama yangu alianika dagaa ufukweni tangu nikiwa tumboni mpaka nikaoa. Watu wanadhani dagaa wanavuliwa na wanaume basi. Mwanaume anavua usiku wa giza na karabai, alfajiri anatupa mzigo mchangani analala. Kuanzia hapo ni mama. Anaanika, anageuza, anafukuza kunguru na marabu, mvua ikitishia anakusanya yote mbio, ikipita anatandaza upya. Dagaa wakilowa wanaoza, mnakula hasara. Siku za mbalamwezi, baba yupo kijiweni kwa kuwa hakuna uvuvi, mama ndiyo analima. Mapumziko yake sikuyaona. Naye angeandikwa mama wa nyumbani.

Hoja Nzito

Samahani, lakini mimi naona mnakuza mambo. Mama wa nyumbani ni cheo cha heshima. Mama yangu ni mama wa nyumbani na anajivunia. Kwani mlitaka aandikwe mkurugenzi?

Binti wa Nyakato

@Hoja Nzito soma tena. Hakuna aliyesema ni aibu. Amesema haikutosha. Wasifu wa baba yangu ulikuwa kurasa tatu, vituo vyote vya kazi, mpaka namba ya hati ya kustaafu ikasomwa kaburini. Mama aliyempikia katika vituo vyote hivyo alipata mistari minne.

Hoja Nzito

Sasa dada, mwanamke alisafiri na mumewe, uandike vituo mara mbili?

Binti wa Nyakato

Ndiyo. Mara mbili.

Mkerewe Halisi

Mara mbili kabisa. Wangu angeandikwa hivi: alikata viazi akaanika michembe ya kutosha watu kumi na nne msimu mzima wa njaa, na hakuna mtoto wa jirani aliyepita bila kupewa matobolwa, vile viazi vya kuchemshwa na kukaushwa. Wabeja mayu, asante mama, pumzika.

Msabato wa Magu

Poleni wafiwa. Nimefurahi kusikia alizamishwa ziwani maana hilo ndilo ubatizo. Ila siku ya ibada ndiyo ndugu zetu Wabaptisti bado mnapishana nasi.

Parokia Yangu

Tumeanza. Mtu kafiwa wewe unaleta Jumamosi na Jumapili? Halafu kuhusu kuzamisha, sisi tuliobatizwa wachanga tuna faida moja ambayo mwenye mada angeitamani leo: daftari la parokia. Bibi yangu alikuwa hajui mwaka wake, tukaenda parokiani, padre akafungua kitabu, tukakuta siku ya kuzaliwa na ya ubatizo, majina ya wazazi na msimamizi.

Mwana wa Bugarika

Ni kweli ndugu, na nimeliwaza sana. Kadi ya ubatizo ya mama inasema 1968, lakini hapo alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Wabaptisti hawabatizi mtoto, mpaka akiri mwenyewe. Kadi inanipa siku aliyookoka. Siku aliyozaliwa hainipi. Yeye mwenyewe ukimuuliza umri alikuwa anaanzia 1968.

Muuguzi Mstaafu

Pole sana mwanangu. Nikuongezee kitu, na nakisema kwa nia njema: wale wote wanaozamishwa ziwani leo, wiki sita hadi nane baadaye waende kituo cha afya wakapime kichocho. Maji ya ufukweni yana konokono, na dawa zipo. Nimewaambia wachungaji watatu, mmoja tu ndiye aliyenielewa.

Msabato wa Magu

Bwana aliyewalinda majini atawalinda na kichocho.

Muuguzi Mstaafu

Alinde, na wameze dawa.

Wa 21 Mei

Nimesoma mada hii tangu jana nikawa naifunga nafungua. Ngoja niseme.

Mama yangu pia alikuwa Mbaptisti, pia mama wa nyumbani. Baba alikuwa mfanyabiashara wa ndizi, akienda Bukoba na kurudi kwa meli. Mwaka 1996 nilikuwa na miaka 11, wa kwanza kati ya watano. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miezi minne.

Tarehe 21 Mei mama aliamka kabla ya mapambazuko akabandika maji ya baba ya kuoga. Baba alikuwa akitoka melini ananuka jasho na ndizi, lazima aoge kwanza ndipo ashike mtoto. Maji yakachemka, yakaondolewa, yakapoa, yakarudishwa motoni. Mara ya pili yanachemka ndipo jirani akaja mbio, MV Bukoba imepinduka. Mama hakusema kitu. Alimchukua mtoto, akanifunga mkono wangu kwa pembe ya kanga yake tusipotezane, tukaenda bandarini. Sufuria tuliiacha motoni. Wadogo zangu watatu waliizima wao wenyewe, sijui walifanyaje.

Bandarini sitasimulia. Tulikwenda siku nne. Walipokuwa wanaleta miili mama alinigeuza uso kifuani kwake akawa anatazama peke yake. Baba hatukumpata. Au labda tulimpita, kwa sababu siku za mwisho hakuna aliyeweza kumtambua mtu. Wengi walizikwa Igoma kwa pamoja, tukachukua kwamba na yeye yupo pale.

Haikupita miezi miwili ndugu wa baba wakaja. Walitaka nyumba, baiskeli na cherehani, na mmoja wao akasema mila inamtaka mama arithiwe. Mama aliwapikia. Wakala, wakanawa. Kisha akawaambia, mume wangu hajaonekana na mimi sijaruhusu mtu kukaa kwenye kiti chake. Usiku ule akina mama wa kanisa walikuja na mikeka yao wakalala sebuleni kwetu, sita, na wakaendelea kulala wiki tatu, kwa zamu, mpaka wale ndugu walipochoka wakarudi kwao. Baiskeli waliondoka nayo.

Tulikula nini? Mapanki. Viwanda vya samaki vilikuwa vinachukua minofu ya sangara inakwenda Ulaya, sisi tunauziwa mifupa na vichwa. Mama alikaanga mapanki kando ya barabara, nguo zetu za shule zinanuka mafuta, wenzetu wanatucheka. Watoto watano tulimaliza shule kwa mapanki. Mmoja ni daktari.

Na kila mwaka tarehe 21 Mei alikwenda Igoma na jembe lake. Wakubwa wanakuja na mashada, hotuba zinasomwa, yeye anapalilia. Anaanzia ukingoni mpaka mwisho wa uwezo wake, makaburi ya watu asiowajua. Nilimuuliza nikiwa mkubwa, mama kwa nini usisafishe sehemu moja tu? Akaniambia, "Sijui yupo wapi humu, kwa hiyo napalilia pote."

Amefariki 2019. Kwenye wasifu niliandika mimi, na nilisoma mimi. Nilichukua dakika arobaini. Mchungaji alitazama saa, akaacha.

Dada wa Kitangiri

Jamani.

Mzee wa Igombe

Siku hiyo nilikuwa ziwani. Siwezi kuongeza neno. Mama yako alikuwa mtu.

Nahodha Mkavu

Pole sana mkuu. Ila watu wajue chanzo: ile meli uwezo wake ulikuwa abiria 430, na waliokufa ni zaidi ya 800. Hesabu hiyo peke yake inajieleza. Halafu ikapinduka ikawa inaelea, watu wapo hai ndani wanagonga, wakaja kutoboa, hewa ikatoka, ikazama. Kosa lile...

Hoja Nzito

Sio kutoboa peke yake, meli ilikuwa na tatizo la uwiano tangu mwanzo.

Nahodha Mkavu

Sijasema peke yake. Nimesema wangesubiri wenye ujuzi na vifaa.

Hoja Nzito

Wangesubiri mpaka lini na watu wanakosa pumzi?

Binti wa Nyakato

Kaka zangu, anzisheni mada yenu ya meli. Hapa mtoto kaandika habari za mama yake.

Wa 21 Mei

Waache dada, nimezoea. Kila nikisimulia habari za mama, watu wanaishia kwenye meli. Ndiyo maana huwa sisimulii.

Nahodha Mkavu

Nisamehe mkuu. Kweli kabisa nisamehe. Kaka yangu alikuwemo, nikiguswa hapo nashindwa kunyamaza.

Wa 21 Mei

Basi kaka yako na baba yangu wamepaliliwa pamoja.

Mkwe wa Sengerema

Mimi nitaandika juu ya mama mkwe, sijui kama inaruhusiwa. Nilipoolewa sikujua kusonga ugali wa udaga, ule unga wa muhogo, unanishinda unakuwa mabonge. Hakunicheka. Alikuwa anaamka kabla yangu anasonga, ananikabidhi mwiko nikisikia mume anatoka chumbani. Mwaka mzima mume wangu aliamini ni mimi. Siri hiyo nimeitoa msibani kwake mbele ya watu, mume wangu akalia kama mtoto. Alikuwa AIC, si Mbaptisti, lakini nadhani mbinguni jiko ni moja.

Dada wa Kitangiri

Hahaha, mwiko! Mungu ampumzishe.

Kijana wa Mkolani

Ushauri wangu kwa wenye mama hai: chukua simu, mrekodi leo. Muulize alizaliwa wapi, nani alimzalisha, aliolewa kwa ng'ombe wangapi. Msiandike wasifu mkiwa mnatafuta turubai.

Shangazi Mkubwa

Kumrekodi mzee habari za maisha yake yote ni kumchuria. Mama yangu nilimuuliza akaniuliza, "Mnataka kunizika lini?" Hakula siku hiyo.

Kijana wa Mkolani

Shangazi, usimwambie ni wasifu. Mwambie mjukuu amepewa kazi ya shule.

Shangazi Mkubwa

Umdanganye mama mzazi?

Mkerewe Halisi

Wala usimuulize kitu. Kaa naye achambue dagaa au mchele, wewe chambua pia. Mikono ikishughulika mdomo unafunguka wenyewe. Mambo ya bibi yangu yote niliyapata kwenye ungo.

Parokia Yangu

Turudi kwenye mwaka basi, fundi anasubiri. Mwenye mada, kitambulisho chake cha taifa kinasemaje? Cha mama yangu waliandika 1 Julai kwa kuwa hakujua tarehe.

Mwana wa Bugarika

Cha mama nacho kinasema 1 Julai, 1946. Haiwezekani. Siku ya Uhuru, 9 Desemba 1961, alikuwa na kaka yetu mkubwa mgongoni, tena anasema alishaanza kutembea, alimbeba kwa sababu ya msongamano tu. Kwa 1946 ingekuwa alizaa akiwa na miaka 13 au 14. Mwenyewe alisema aliolewa akiwa "binti kamili".

Mzee wa Igombe

Wakati huo mabinti waliolewa wadogo, usikatae haraka.

Mwana wa Bugarika

Nakubali mzee. Ila kuna jambo jingine. Babu, yaani baba yake mama, alichukuliwa kwenda vita ya pili, na bibi alikuwa anasema alimwacha na mama tumboni. Alipata habari za mtoto akiwa hukohuko.

Mwalimu wa Historia

Hapo sasa kuna kamba ya kushika. Babu alisimulia alipigana wapi? Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza) kutoka Tanganyika walikwenda sehemu mbalimbali. Kama alisimulia Burma, msitu na Wajapani, kikosi kikubwa kilikuwa huko 1944 na 1945. Kama alisimulia Uhabeshi, yaani Ethiopia, na Waitaliano, hiyo ni 1941, na wengi waliandikishwa mwaka uliotangulia.

Mwana wa Bugarika

Mwalimu, nimesimama nilipokuwa nimekaa. Babu alikuwa anatuimbia namba kwa Kiitaliano! Uno, due, tre. Alisema aliwalinda mateka wa Kiitaliano, na kwamba kule milimani kulikuwa na baridi mpaka bunduki inaganda mkononi. Wajapani sikuwahi kumsikia akiwataja.

Mwalimu wa Historia

Basi alikuwa Uhabeshi. Kama aliondoka nyumbani 1940 na mimba ipo, mama kazaliwa mwishoni mwa 1940 au 1941. Inaendana na mtoto anayetembea mwaka 1961. Siwezi kuapa, lakini ingekuwa mama yangu ningeandika 1941.

Hoja Nzito

Wengine walitoka Uhabeshi wakaunganisha Burma. Angeweza kurudi likizo katikati, mimba ikapatikana hapo.

Mwalimu wa Historia

Angeweza. Lakini angetaja Burma.

Parokia Yangu

Mwandikie fundi "Takriban 1941".

Binti wa Nyakato

Usiandike takriban kwenye msalaba wa mama yako. Andika 1941.

Mwana wa Bugarika

Ndugu zangu, nimewapigia simu kaka na dada zangu wote watano, nikawasomea mada hii yote, pamoja na ya mwenzetu wa 21 Mei. Dada yetu mkubwa alinyamaza sana. Kisha akasema kopo la kokoto analo yeye. Alilichukua siku ya msiba kabla watu hawajagawana vyombo, akaogopa kusema. Na debe la unga lilikutwa jikoni, lina vikombe vitatu. Mama alipima mpaka wiki aliyolazwa.

Tumekubaliana 1941. Fundi anahesabu pesa kwa herufi, na kaka mkubwa amesema herufi zote ni zake. Chini ya jina itaandikwa: Mwalimu wa shule ya Jumapili. Maneno "mama wa nyumbani" nayo yatabaki, dada zangu wamekataa yafutwe, wamesema ni kweli na ni yake.

Ule unga wa vikombe vitatu ndio bado tunabishana. Kaka anataka uhifadhiwe. Dada anasema utaingia wadudu, na mama mwenyewe asingeuweka hata wiki moja.

Wa 21 Mei

Dada yako anasema kweli. Jirani yenu mjane ni nani?

Mwana wa Bugarika

Yupo, mawe mawili juu ya kwetu.